Hita ya Maji Isiyopasha: Kumtafuta Mkosaji Kabla ya Kununua Kipuri

Hita ya maji ya nyumbani ikiacha kupasha, neno la kwanza litakalotamkwa, ama na mwenye nyumba ama na fundi, karibu kila mara ni "elementi". Elementi imeungua, inunuliwe nyingine, ifungwe, mambo yaendelee. Nyumbani kwangu Miyuji, hapa Dodoma, elementi mbili zilibadilishwa ndani ya miezi miwili kabla ya mtu yeyote kuuliza kwa nini ile ya kwanza iliungua. Ilikuwa Julai, msimu ambao maji ya simtanki hushuka bafuni asubuhi yakiwa na baridi ya kukata pumzi, nasi tulirudi kwenye kubandika sufuria jikoni saa 11 alfajiri wakati kuna hita ukutani iliyogharimiwa mara tatu. Makala haya yanaeleza namna ya kuchunguza hita iliyogoma, kwa ajili ya mtu asiye fundi lakini anayetaka kuelewa kile anacholipia. Hoja yangu ni kwamba katika mji wetu kipuri kilichokufa aghalabu ni majeruhi tu, na kilichokijeruhi kimebaki palepale kikikisubiri kipuri kipya.

Hita ninayoizungumzia ni ile ya tangi, la lita 30, 50, 80 au 100, linaloning'inizwa ukutani bafuni au kufichwa juu ya dari, wala si ile ndogo ya kwenye shawa inayopasha maji yakiwa yanapita. Ndani ya ganda la nje mna tangi la chuma, na nafasi iliyo kati ya tangi na ganda imejazwa sponji ngumu ya kuhifadhi joto. Maji baridi huingia kupitia bomba lenye pete ya buluu na kumwagwa chini kabisa ya tangi. Maji ya moto, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya baridi, hupanda na kukaa juu, ambako huchukuliwa na bomba lenye pete nyekundu ambalo mdomo wake ndani ya tangi hufika karibu na kilele. Hakuna pampu humo: maji baridi yanayoingia kwa chini ndiyo yanayoyasukuma ya moto yatoke. Naomba msomaji alishike jambo hili, kwa sababu tutalirudia mara mbili zaidi, na kila mara litatufumbulia fumbo.

Upande wa umeme nao ni mnyororo mmoja usio na matawi. Umeme hutoka kwenye breka, ukapita kwenye swichi ya ukutani yenye taa nyekundu, ukaingia kwenye thamostati, ndipo ukaifikia elementi. Thamostati hufanya kazi mbili ambazo watu wengi hudhani ni moja. Kwanza hukata umeme maji yanapofikia joto lililopangwa na kuurudisha yanapopoa. Pili, ndani yake kuna ulinzi wa mwisho unaokata umeme endapo joto litapita kiwango cha hatari, na ulinzi huo haujirudishi wenyewe mpaka kitufe kidogo kilicho juu yake kibonyezwe. Elementi, ambayo mafundi wengine huiita koili, ni waya mwembamba uliosokotwa ndani ya mrija wa shaba na kuzungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesiamu, unga unaopitisha joto lakini usiopitisha umeme. Kando ya elementi husimama fimbo ya magnesiamu iitwayo anodi, ambayo kazi yake ni kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe.

Iulize LUKU kwanza

Kabla ya bisibisi kushikwa, swali la kwanza ni hili: je, hita inakula umeme au haili? Jibu la swali hili linaugawa uchunguzi wote katika njia mbili ambazo hazikutani tena, na la kufurahisha ni kwamba halihitaji fundi wala kifaa chochote zaidi ya mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, iliyopo kila nyumba. Zima kila kitu ndani: friji, pasi, taa, televisheni, hata chaja za simu. Acha hita peke yake ikiwa imewashwa, tena maji yake yawe baridi ili thamostati isiwe na sababu ya kukata. Kisha nenda ukaitazame taa ndogo inayopepesa kwenye mita.

Kwenye uso wa mita pameandikwa ni mara ngapi taa hiyo hupepesa kwa kila uniti moja, mathalani 1,000 au 1,600. Hita yenye elementi ya wati 1,500 hula uniti moja na nusu kwa saa. Kwa mita ya 1,000, basi, taa itapepesa mara 25 kwa dakika, na kwa mita ya 1,600 itapepesa mara 40. Ikipepesa kwa kasi hiyo, elementi ni nzima na inafanya kazi, na yeyote anayetaka kukuuzia nyingine hajapima. Ikitulia tuli, umeme haufiki kwenye elementi au elementi imekatika. Ambao mita yao imefungwa juu ya nguzo, na ndani wana kile kidude cha kuingizia tokeni tu, wasome salio la uniti, waiache hita peke yake kwa nusu saa, kisha wasome tena: zikiwa zimepungua robo tatu ya uniti, au karibu na hapo, hita inakula umeme.

Ninalisisitiza jaribio hili kwa sababu taa zilizoko kwenye hita yenyewe hupotosha. Taa ya swichi ya ukutani inathibitisha kitu kimoja tu, kwamba umeme umefika kwenye swichi na swichi imewashwa; haijui lolote kuhusu kinachotokea mbele yake. Taa iliyoko kwenye uso wa hita, katika aina nyingi, imeunganishwa baada ya thamostati, sambamba na elementi. Kwa hiyo ikizimika huku maji ni baridi, mshukiwa ni thamostati au kitu kilicho nyuma yake. Ikiwaka huku mita ya LUKU haipepesi, mshukiwa ni elementi. Nyumbani kwangu taa ya ukutani ilikuwa ikiwaka vizuri muda wote, na tuliiamini kwa siku mbili nzima.

Iwapo haili umeme

Kuanzia hapa kazi inahitaji kufungua kifuniko, na anayefungua azime breka ya hita kwenye DB, kile kisanduku cha breka, si swichi ya ukutani peke yake, kisha ahakikishe kwa kupima kwamba umeme umekatika kweli. Asiyezoea kupima amwachie fundi umeme mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na hilo si la kuonea aibu, kwa kuwa umeme na maji vimekutana ndani ya chuma kimoja.

Fundi makini huanza na vitu vya rahisi. Breka huenda imeshuka nusu, ikaonekana kama iko juu ilhali haiko. Skrubu inayobana waya kwenye thamostati huenda imelegea. Hita huvuta mkondo mkubwa, takriban amperi 6.5 kwa wati 1,500 na amperi 13 kwa wati 3,000, na palipolegea pakipitiwa na mkondo wa namna hiyo huchemka, plastiki hugeuka kahawia na harufu ya kuungua hubaki humo hata baada ya miezi. Waya wa hita unapaswa kuwa wa milimita za mraba 2.5 na uwe na breka yake peke yake. Hita iliyochomekwa kwenye ekstensheni pamoja na mashine ya kufulia haitadumu, na ekstensheni hiyo inaweza kuwa chanzo cha moto.

Kisha kuna kosa la nyutro, waya wa kurudishia umeme, ambalo limewachosha wengi. Ile tesita ya bisibisi inayowaka taa ndogo ukiigusisha kwenye waya hujua laini tu, yaani waya unaoleta umeme. Nyutro ikikatika au kulegea, tesita itawaka kwenye laini kama kawaida, na pengine itawaka hata kwenye nyutro yenyewe kwa kuwa umeme umepita kwenye elementi ukakosa njia ya kurudi. Fundi anayetegemea tesita peke yake ataapa kuwa umeme upo, na kwa maana moja upo, lakini haufanyi kazi yoyote. Hapa ndipo malitimita, kifaa cha kupimia volti na ukinzani, inapohitajika, ipimwe kati ya laini na nyutro: zikisomeka volti 230 au karibu, njia ni nzima, zisiposomeka, tatizo halimo ndani ya hita kabisa.

Umeme ukiwa umefika, zamu ni ya thamostati. Bonyeza kile kitufe cha ulinzi, hita ikiwa imezimwa na maji yamepoa. Kikilia "tik" na kuzama, maana yake ulinzi ulikuwa umekata, na hita huenda ikafufuka hapo hapo. Lakini usishangilie mapema, kwa sababu ulinzi haukati bila sababu: ama thamostati imeganda na imeacha kukata kwa wakati wake, ama tangi lilikuwa tupu, ama elementi imevikwa chumvi. Kitufe kinachobonyezwa kila wiki kinaripoti ugonjwa, na kumbe watu wamekigeuza kuwa tiba. Kama kitufe hakikuwa kimetoka, thamostati hupimwa umeme ukiwa umezimwa: ikiwa baridi, njia yake inatakiwa iwe wazi kabisa, malitimita isome karibu na sifuri.

Elementi nayo hupimwa hivyo hivyo, waya zake zikiwa zimechomolewa, na hapa hesabu ni nyepesi kuliko inavyodhaniwa. Volti 230 zikizidishwa kwa zenyewe, kisha jawabu likagawanywa kwa wati zilizoandikwa kwenye elementi, hupatikana ukinzani wake, yaani kiasi inavyouzuia umeme. Elementi ya wati 1,500 isome takriban ohm 35, ya wati 2,000 takriban ohm 26, na ya wati 3,000 kama ohm 18. Ikisoma namba hiyo, ni nzima. Malitimita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika. Kipimo hiki huchukua sekunde kumi, na ndicho ambacho katika ziara mbili za kwanza nyumbani kwangu hakikufanyika.

Breka inaposhuka

Kuna hali ya tatu ambayo si ya kula umeme wala kutoula: hita inawashwa, na baada ya sekunde chache au dakika kadhaa breka inashuka. Hapa aghalabu mrija wa shaba wa elementi umepasuka, maji yameingia kwenye ule unga mweupe, na unga ulioloa hupitisha umeme kutoka kwenye waya hadi kwenye maji na kwenye tangi. Malitimita ya kawaida inaweza kuidanganya nafsi yako hapa, ikaonyesha ohm 35 safi kwa sababu waya wenyewe haujakatika. Kipimo cha kweli ni kati ya ncha ya elementi na chuma cha tangi, na ni bora kifanywe kwa kile kifaa cha volti 500 ambacho mafundi hukiita mega, kwa kuwa unga uliopata unyevu kidogo huonekana mzima chini ya betri ndogo ya malitimita na kushindwa chini ya volti nyingi.

Naomba nikae hapa kidogo, maana ni mahali pa uhai na kifo. Ipo tabia, nimeiona kwa macho yangu, ya fundi kukata waya wa ethi wa hita ili breka iache kushuka. Breka huacha kushuka kweli, na maji hupata moto kweli, na familia hushukuru. Kilichofanyika ni kwamba umeme unaovuja, ambao ulikuwa na njia ya kwenda ardhini na kuiangusha breka, sasa unamsubiri mtu aliyesimama peku kwenye sakafu yenye maji na mkono kwenye bomba. Ukiona bomba la bafuni linachoma mkono hata kidogo, kama mdudu anayetambaa chini ya ngozi, zima umeme kwenye meni swichi na usiruhusu mtu yeyote kuoga.

Hali ya Dodoma inalizidisha jambo hili. Ethi hutegemea unyevu wa udongo, nasi tunaishi kwenye uwanda ambao kuanzia Mei hadi Novemba karibu hauoni mvua. Fimbo ya ethi iliyochomekwa mita moja kwenye udongo mkavu wa Agosti ni fimbo tu iliyosimama kwenye vumbi. Umeme ukivuja haupati njia ya kutosha ya kuiangusha breka ya kawaida. Suluhisho ni fimbo ndefu iliyoshuka hadi kwenye udongo wenye unyevu, na zaidi ya yote ile breka ya kuhisi uvujaji, inayokata umeme mkondo wa milliamperi 30 tu unapotoroka. Nyumba yenye hita bila breka hiyo haijakamilika, hata iwe na marumaru za namna gani.

Iwapo inakula umeme na maji bado ni baridi

Turudi kwenye njia ya pili. LUKU inapepesa, uniti zinaondoka, lakini bombani panatoka maji ya vuguvugu au ya baridi. Umeme hauna kosa na joto linatengenezwa, kwa hiyo kilichobaki ni kujua joto hilo linapotelea wapi.

Anza na hesabu, kwa sababu mara nyingine hakuna ubovu wowote. Kuyapandisha maji lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji takriban uniti 2.3, na elementi ya wati 1,500 huzitoa kwa saa moja na nusu na dakika chache. Anayewasha saa 12 asubuhi na kuingia bafuni saa 12 na nusu hawezi kuilaumu hita. Tena namba hizo ni za volti 230 kamili. Umeme ukiwa mdogo, nguvu ya elementi hushuka kwa kasi kuliko volti zenyewe: kwa volti 180 hita hutoa asilimia 61 tu ya nguvu yake, na kazi ya saa moja na nusu inakuwa ya saa mbili na nusu. Kwenye maeneo yaliyo mwisho wa laini, ambako jioni taa hufifia, hita hupasha polepole, na kubadilisha elementi hakutasaidia kitu.

Hesabu ikiwa sawa, fanya jaribio hili: funga koki ya maji baridi inayoingia kwenye hita, kisha fungua bomba la moto. Kumbuka lile la awali, kwamba maji ya moto hayatoki bila ya baridi kuyasukuma. Kwa hiyo mlango wa baridi ukifungwa, bomba la moto linapaswa kutiririka kidogo na kukauka. Likiendelea kutoa maji, kuna mahali maji baridi yanavuka kuingia kwenye bomba la moto bila kupitia hita. Mkosaji wa kawaida ni bomba la mikseri, lile linalochanganya maji ya moto na ya baridi, bafuni au jikoni, ambalo moyo wake umechakaa, au shawa ya mkono inayofungwa kwenye kichwa chake huku mikseri imeachwa wazi. Maji ya moto yapo tangini, lakini kila unapofungua yanakutana njiani na baridi. Usilifanye jaribio hili kwa muda mrefu na usisahau kuifungua koki baada yake.

Mara ya pili lile la awali linatusaidia ni pale mabomba yalipobadilishana. Fundi bomba aliyefunga baridi kwenye pete nyekundu na moto kwenye pete ya buluu amelifanya tangi lichukue maji kutoka chini, kwenye tabaka la baridi, huku maji mapya yakimwagwa juu kwenye moto. Hita kama hiyo hutoa vuguvugu tangu siku ya kwanza, na wenye nyumba huizoea wakadhani ndiyo ilivyo. Dalili zinazofanana hutokea mrija wa ndani wa maji ya moto ukivunjika, au hita iliyotengenezwa kusimama ikalazwa kwa sababu ukuta ulikuwa mfupi.

Valvu ndogo iliyofungwa kwenye mlango wa baridi, inayodondosha maji hita inapopasha, haimo kwenye orodha ya wakosaji. Maji lita 50 yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka kiasi cha robo tatu ya lita, na ongezeko hilo ni lazima litoke mahali. Valvu inayodondosha wakati wa kupasha inafanya kazi yake. Iwekewe kimrija cha kupeleka matone kwenye mfereji, wala isizibwe kwa hali yoyote, kwani tangi lililozibwa linaweza kupasuka.

Chumvi na mgao

Sasa nirudi Miyuji, kwa fundi wa tatu. Huyu hakufungua kifuniko kwanza. Aliomba kuona birika la umeme la jikoni, akachungulia ndani, akapitisha kucha kwenye ukoko mweupe uliokuwa umeshika chini kama ganda la yai. Kisha akaniuliza, "Mama, maji yakikatika, huwa mnafungua bomba lipi kuangalia kama yamerudi?" Nikamwambia, lolote lililo karibu, mara nyingi la shawa. "La moto?" Nikafikiri. Watoto hufungua yote mawili.

Maswali hayo mawili ndiyo yaliyomaliza kazi, na elementi yenyewe ilikuja tu kuthibitisha. Ilipotolewa ilikuwa imepasuka kwenye kipinda cha juu, mpasuko wa urefu wa punje ya mchele, shaba imegeuka bluu-nyeusi kuuzunguka. Sehemu ya chini ya elementi hiyo hiyo ilikuwa nzima, imevaa koti la chumvi lenye unene wa ukucha.

Chumvi ya Dodoma kila mtu anaijua kwa ulimi. Maji ya mji huu kwa sehemu kubwa hutoka ardhini, kwenye visima vya Mzakwe katika bonde la Makutupora, na wengi wana visima vyao virefu vyenye maji mazito zaidi. Maji yaliyokaa ndani ya miamba hubeba kalsiamu iliyoyeyuka, na kalsiamu hiyo ina tabia iliyo kinyume cha sukari kwenye chai: kadiri maji yanavyopata moto ndivyo inavyoshindwa kubaki imeyeyuka, nayo huganda kwanza pale penye moto mkali zaidi, yaani juu ya ngozi ya elementi. Ukoko huo huzuia joto lisitoke. Maji hukawia kupata moto, elementi huzidi kuchemka ndani ya koti lake, hita huanza kuguna na kutokota kama sufuria ya uji, na mwisho shaba hupasuka. Mabonge yanayodondoka hujaa chini ya tangi na kula nafasi ya maji.

Mgao wa maji humalizia kilichobaki. Bomba la mtaani likikauka, tangi la hita halipaswi kumwagika, kwa kuwa kuna valvu kwenye mlango wa baridi inayozuia maji yasirudi nyuma. Valvu hiyo nayo huliwa na chumvi, na kwetu ilikuwa imeganda ikiwa wazi. Hata hivyo maji hayawezi kuondoka tangini bila hewa kuingia mahali pake, na hewa hiyo iliingizwa na mkono uliofungua bomba la moto. Kila tulipofanya hivyo, maji ya tangi yalishuka taratibu kupitia mlango wa baridi kuelekea bomba la uani, elementi ikabaki kichwa kikiwa hewani, na hita ilikuwa imewashwa. Ndiyo maana mpasuko ulikuwa juu na si chini, na ndiyo maana elementi mpya, hata ingekuwa bora kiasi gani, isingefika mwezi.

Tulibadilisha elementi, gasketi yake na ile valvu. Tangi lilifunguliwa na kusafishwa, zikatoka kopo mbili za mabonge meupe. Thamostati ilishushwa kutoka alama ya mwisho hadi nyuzi 60, joto ambalo bado linaua vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu lakini linapunguza mno kasi ya chumvi kuganda. Anodi ilikuwa imebaki waya mtupu, ikawekwa nyingine. Kwa maji yetu, tangi lifunguliwe walau mara moja kwa mwaka, na Mei ni mwezi mzuri, kabla ya baridi kuingia. Elementi yenye ukoko hulazwa kwenye siki kwa saa kadhaa na kusuuzwa. Ile asidi ya kusafishia vyoo isitumiwe kamwe, kwani inakula shaba pamoja na chumvi.

Kuhusu mgao, tumebandika karatasi ukutani, juu ya swichi. Maji yakikatika, hita izimwe na bomba la moto lisiguswe. Anayetaka kujua kama maji yamerudi afungue la baridi. Yakirudi, bomba la moto lifunguliwe na kuachwa likohoe hewa yote mpaka mkondo utoke mfululizo bila kurukaruka, na baada ya hapo ndipo swichi iwashwe.